Nyumba, Fundi na Bidhaa za Khanfu

Katika barabara ya Huanshi Zhonglu mjini Guangzhou, namba 300, pana jengo refu liitwalo Tianxiu. Ghorofa zake za chini ni maduka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Kiafrika na wa Kiarabu wamekuwa wakiingia na kutoka humo. Tulifika hapo miaka michache kabla ya maradhi ya Korona, tukimsindikiza mtoto wa ndugu yetu, mkaazi wa Maskati aliyerithi kiwanja Unguja. Alikuwa na orodha ndefu: vigae vya sakafu kutoka Foshan, milango, taa, mabomba ya vyoo. Tukamwuliza fundi wake ni nani. Akajibu: "Ami, fundi tutamtafuta kontena likishafika."

Jibu hilo hatukulipenda, lakini hatukumkemea. Kununua China mapambo ya nyumba si jambo la kizazi chake. Mji huohuo Waarabu waliuita Khanfu, na kitabu cha Akhbar al-Sin wal-Hind, kilichoandikwa mwaka 851, kinaueleza kuwa bandari ya wafanyabiashara, mji wa nyumba za mbao na matete, na moto ukiunguza bidhaa mara kwa mara. Ibn Battuta, aliyepita Kilwa mwaka 1331, anasimulia pia safari yake ya baadaye katika mji huo, akiuita Sin Kalan, na anavitaja vyombo vyake vya kauri. (Majengo ya Kilwa aliyataja kuwa ya mbao, msikiti wa mawe uliosimama hapo kabla yake unamkosoa.) Kauri za China zimefukuliwa Gedi, ambako nyumba moja imepewa jina kwa sababu ya sarafu za Kichina zilizookotwa ndani yake. Na Lamu, katika karne ya 18, zilipangwa kwenye zidaka za chumba cha ndani.

Lakini tuzitazame zidaka zenyewe. Zimechongwa kwa chokaa ya hapohapo na fundi wa hapohapo, katika ukuta ambao tayari umesimama. Sahani ilikuja kukaa mahali alipoitengenezea fundi. Hakuna aliyejenga nyumba kwa kuifuata sahani.

Na fundi huyo alichaguliwaje? Tulivyosikia kwa wazee wetu, hakuulizwa kwanza bei. Aliulizwa chokaa. Matumbawe yalichomwa juu ya magogo, kisha chokaa ikalowekwa na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Fundi mwenye haraka alijulikana kwa ukuta uliobambuka. Aliulizwa boriti pia. Upana wa chumba ulitokana na urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba, ambako Waarabu huziita chandal, na huko nako zilipima vyumba. Mwenye nyumba alikwenda kutazama kazi za fundi baada ya masika, si wakati wa kiangazi.

Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib, mwaka 1883, alichanganya vitu vya mbali na vya nyumbani: nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo, na zege ya matumbawe na chokaa. Jumba likastaajabiwa. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakafariki. Sababu tunawaachia wahandisi. Sisi tunasema tu kwamba chuma na chokaa havizeeki kwa namna moja, na nyumba yenye vyote viwili inamtaka mtu anayevijua vyote viwili.

Tunayasema haya tukiwa na kosa letu wenyewe. Nyumba yetu ya uzeeni tulimpa mkandarasi tuliyempenda kwa sababu mbili, picha zake nzuri na bei yake ndogo, na sisi tulikuwa mbali. Alitumia mchanga wa pwani bila ya kuuosha. Ukuta wa kale usio na nondo huenda ukaistahimili chumvi, nondo haistahimili. Chuma kikashika kutu, kutu ikavimba na kupasua zege, na mwaka wa tatu dari ya sebuleni ikaanza kuangusha vipande. Tulibomoa dari yote. Vigae vya chini, vya gharama kubwa, vilikuwa vizima kabisa.

Siku ya Ijumaa tulisali na kijana katika msikiti ulio penye kaburi ambalo watu wa Guangzhou hulinasibisha na Sa'd bin Abi Waqqas, si mbali na Huanshi Zhonglu. Wanahistoria tunajua kuwa Sa'd alizikwa Madina. Hata hivyo mahali pana utulivu. Hapo tukamsimulia habari ya dari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Ami, nichukue sampuli tu?" Akachukua vigae vinne, akavifunga ndani ya kanzu.

Miezi minne baadaye alitupigia simu kutoka Unguja. Alikuwa amezungumza na mafundi watano. Wanne walivishika vigae na kuvisifu. Wa tano, mzee mmoja, aliviweka pembeni, akauzunguka uwanja mara mbili, akauliza maji ya mvua ya jirani yanapita wapi.