Viazi Vilivyomwagika Mbele ya Kamera, na Mama Aliyepoteza Kipindi kwa Kukunja Sura

Juzi tulikuwa gheto tunabishana kuhusu vipindi vya mapishi kwenye TV. Jamaa yangu mmoja (jina kapuni, maana atanisumbua) anasema mpishi akijua kupika basi kipindi ni kikali, hakuna cha zaidi. Nikamwambia hapana. Chakula chenyewe hukili, harufu haikufikii, chumvi huijui kama imezidi au imepungua. Sasa unaangalia nini nusu saa nzima? Mimi naangalia siku kitu kinapoharibika, halafu namwangalia mtu. Na nikawaza, historia iko upande wangu.

Twende Boston, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kuna mama mmoja anakaribia miaka 50, mrefu balaa, kama sentimita 188, sauti yake inapanda na kushuka kama filimbi ya mtoto. Kwa viwango vya wakati ule sio mtu ambaye ungemuweka kwenye TV. Kipindi cha Vita Kuu ya Pili alikuwa mfanyakazi wa idara ya ujasusi ya Marekani, kapelekwa Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka, na baadaye China. Kupika kajifunza ukubwani, baada ya kuhamia Paris na mume wake mwaka 1948. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakatoa kitabu kinene cha mapishi ya Kifaransa. Huyo ni Julia Child.

Kilichomwingiza kwenye TV ni kitabu hicho. Kituo cha WGBH cha hapo Boston kilikuwa na kipindi cha kujadili vitabu, vile vipindi mnakaa kwenye viti mnaongea kwa ustaarabu. Mama akaja na jiko dogo la umeme na mayai, akakaanga kimanda pale pale. Watu wakaanza kuandika barua wanamtaka tena. Ndio The French Chef ikazaliwa, ikaanza kuruka tarehe 11 Februari 1963.

Sasa hapa ndio patamu. Studio ya WGBH ilikuwa imeungua moto mwaka 1961, kwa hiyo walienda kurekodia kwenye jiko la maonyesho la kampuni ya umeme ya Cambridge. Kituo chenyewe ni cha elimu, hakina matangazo ya biashara, pesa hamna. Kukata na kuunganisha kanda za video enzi zile ilikuwa kazi na gharama, so wakawa wanarekodi kipindi karibu chote bila kusimama. Ukikosea umekosea, kazi inaendelea.

Basi kuna kipindi anapika viazi. Kaviponda, kavitandaza kwenye kikaango kama chapati nene, na anataka kuvigeuza kwa kuvirusha juu. Akarusha. Nusu ikarudi kwenye kikaango, nusu ikamwagika juu ya jiko. Mtu mwingine angekuwa mwekundu. Yeye akasema tatizo ni kwamba hakurusha kwa kujiamini, akaokota vipande kwa mkono, akavirudisha kwenye kikaango, akavikandamiza, na kuwaambia watazamaji kwamba ukiwa peke yako jikoni, nani atakuona?

Kwa sisi tuliolelewa na akina mama wanaopika kwa macho tu, hiyo sentensi ni ukombozi. Mimi mwenyewe chapati zangu huwa zinatoka na ramani ya nchi ambayo haipo. Mapishi ya Kifaransa yalikuwa yanaonekana ni ya hotelini na ya wakubwa, halafu anatokea mama anamwaga viazi na dunia haiishi. Kipindi kiliendelea mpaka 1973, na mwaka 1966 akachukua tuzo ya Emmy. Kichekesho ni kwamba baadaye Wamarekani wengi wakawa wanaapa walimuona kwa macho yao akiangusha kuku sakafuni, akamuokota na kuendelea kupika. Haikutokea. Vilikuwa ni viazi, na vilianguka kwenye jiko. Lakini watu walilipenda lile kosa mpaka wakaliongezea chumvi.

Ukitaka kujua kwamba sio kila mpishi wa TV alikuwa hivyo, vuka bahari uende Uingereza. Huko kulikuwa na Fanny Cradock, yuko BBC tangu miaka ya 1950. Huyu alikuwa staa kwelikweli. Anapika kavaa gauni la sherehe, kajiremba, nyusi kachora juu huko, anatoa amri kama mwalimu mkuu. Pembeni yuko Johnnie, anayejulikana kama mume wake, amevaa kioo cha jicho moja, kazi yake kubwa ni kuitikia na kuongelea mvinyo. (Umbea kidogo: ndoa walikuja kufunga 1977, baada ya miaka mingi ya kuitwa Bwana na Bibi Cradock.) Watu walimwogopa na kumpenda. Mimi nimeangalia klipu zake, na kusema ukweli anaburudisha. Huwezi kutoa macho.

Mwaka 1976 BBC wakawa na kipindi kinaitwa The Big Time, wanachukua mtu wa kawaida wanampa nafasi kubwa ya kazi ya kitaalamu. Safari hiyo walimchukua mama mmoja wa shambani, Devon, ambaye alikuwa ameshinda shindano la kupika. Akapewa kazi ya kuandaa karamu ya wakubwa pale hoteli ya Dorchester, London, mgeni mmojawapo akiwa Edward Heath, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Mama wa watu kapanga chakula chake: bata kwa sosi ya matunda ya porini, na mwisho kitindamlo cha krimu ya kahawa. Akapelekwa kwa Fanny apewe ushauri.

Aisee. Fanny akazungusha macho. Akakunja sura. Aliposikia hiyo krimu ya kahawa inakuja baada ya bata akajifanya kama anataka kutapika. Mama wa Devon kakaa pale mpole, anatabasamu kwa aibu, hajui mikono aiweke wapi. Na nikwambie kitu ambacho wengi wanakiruka: kuhusu chakula, inawezekana Fanny alikuwa na hoja. Bata ana mafuta, sosi ni tamu, ukiongeza krimu nzito tumbo linagoma. Lakini hakuna aliyejali. Watazamaji waliona mtu mkubwa anamdhalilisha mtu mdogo, hasira zikawaka, na BBC wakaachana naye. Zaidi ya miaka 20 ya umaarufu, imeondoka na dakika chache za mdomo uliopinda.

Kwa hiyo jamaa yangu anaposema "mpishi akijua kupika", namjibu kwamba Fanny alijua.

Leo shida imebadilika kidogo, kwa sababu siku hizi kuhariri ni rahisi na kosa unaweza kulitengeneza mezani. Mnaikumbuka The Great British Bake Off ya 2014? Kazi ya siku ilikuwa keki yenye aiskrimu ndani. Jamaa mmoja mwenye ndevu akakuta aiskrimu yake iko nje ya friza, imelegea, akapandwa na hasira akaitupa kwenye pipa la taka, na mbele ya majaji akapeleka pipa. Akatolewa. Lakini vile ilivyounganishwa, ilionekana kama mshiriki mwenzake, bibi mmoja mtu mzima, ndiye aliyemwangusha kwa makusudi kwa kuitoa kwenye friza. Mitandao ikamchana bibi wa watu vibaya sana. BBC wakapokea mamia ya malalamiko. Baadaye ndio watu wanaambiwa kwamba ile aiskrimu ilikaa nje kwa muda mfupi mno. Bibi naye hakurudi kwenye shindano kwa sababu ya afya.

Mimi kipindi kile nilikuwa kijana mdogo, nilipokuja kuiona nilicheka sana, nikamtukana bibi moyoni. Juzi nimerudia kuiangalia na sikucheka. Unaanza kujiuliza kamera ilikata wapi, na katikati ya picha hii na ile zimepita dakika ngapi. Kwenye viazi vya Boston huna hayo maswali, maana unaona mkono, unaona kikaango, unaona viazi vinaruka na vinapoangukia.

Jamaa yangu bado hajakubali. Anasema jamaa wa pipa alitoa burudani kuliko wote. Haya, nyie mko wapi: timu viazi, timu gauni, au timu pipa? Nasubiri huko chini, ila bibi wa aiskrimu msimguse.