Kuzuia joto kupita kiasi katika paneli za jenereta za dharura

Kuzuia joto kupita kiasi katika paneli za jenereta za dharura ni kazi ya kuhakikisha kwamba sanduku la umeme linalounganisha jenereta ya akiba na mitambo inayoitegemea halipati joto la kuunguza nyaya, kuzima swichi au kuwasha moto. Ndani ya paneli hiyo kuna swichi kuu, baa za shaba, breka, vipimo na vifaa vya kuongoza jenereta. Paneli ikishindwa, umeme hauendi popote hata kama injini inanguruma vizuri.

Suala hili lina uzito wa pekee katika vituo vya umeme wa nyuklia, ambako jenereta za dharura huendesha pampu za kupoza fueli ya tanuri. Tanzania haina kituo cha namna hiyo, lakini tatizo lilelile liko katika ukanda wa dhahabu wa mikoa ya Shinyanga na Geita. Katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, yenye kata ya Segese, uko pia mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu. Katika mgodi wa aina hiyo, feni za kupeleka hewa safi chini na pampu za kutoa maji hutegemea umeme muda wote.

Chanzo cha joto

Kila mahali mkondo wa umeme unapopita penye ukinzani, joto hutokea. Kiasi chake hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Kwa mfano, kiungio chenye ukinzani wa omu 0.0001 kikipitisha ampea 400 hutoa joto la wati 16. Bolti yake ikilegea na ukinzani ukapanda hadi omu 0.001, joto hufika wati 160, na zote hutoka mahali padogo kama kiganja cha mkono. Mkondo ukipungua kwa nusu, joto hushuka hadi robo. Ndiyo maana kiungio kibovu kinaweza kufichika kwa miaka wakati mzigo ni mdogo, kikajitokeza siku mzigo kamili unapowekwa.

Sababu za kawaida ni hizi:

- bolti zilizolegea kwa mtetemo wa injini, hasa paneli inapofungwa juu ya jenereta yenyewe;
- kutu au uchafu kwenye nyuso zinazogusana;
- waya wa alumini uliofungwa moja kwa moja kwenye shaba bila kiungio maalumu cha metali mbili;
- mzigo mkubwa kuliko uwezo wa breka au kebo, au mzigo usiogawanywa sawasawa katika fezi tatu;
- vifaa vya kielektroniki vya kuendesha mota, ambavyo huchafua umbo la mkondo na kuongeza joto katika nyaya, hasa waya wa nyutro;
- matundu ya hewa yaliyozibwa na feni zilizokufa.

Joto halileti madhara siku moja tu. Kanuni inayotumiwa sana na wahandisi ni kwamba kila nyongeza ya takriban nyuzi 10 za selsiasi hupunguza maisha ya kihami cha waya kwa nusu. Waya wenye kihami cha PVC kwa kawaida hautakiwi kuzidi nyuzi 70, na ule wenye kihami cha XLPE nyuzi 90.

Katika vituo vya umeme wa nyuklia

Tanuri la nyuklia likizimwa, fueli yake huendelea kutoa joto, kwa hiyo lazima ipozwe hata umeme wa gridi ukikatika. Jenereta za dharura hutakiwa kuwaka zenyewe na kuwa tayari kubeba mzigo, mara nyingi ndani ya sekunde 10 hivi. Vituo huwa na mifumo miwili au zaidi iliyotenganishwa, kila mmoja ukiwa na jenereta, paneli na kebo zake, ili hitilafu moja isizime yote.

Matukio mawili ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa paneli ni muhimu sawa na jenereta. Tarehe 11 Machi, tetemeko lilikata umeme wa nje katika kituo cha Fukushima Daiichi nchini Japani, na jenereta za dharura zikawaka. Chini ya saa moja baadaye maji ya tsunami yaliingia. Jenereta mbili zinazopozwa kwa hewa, za matanuri namba 2 na 4, hazikuzama, lakini paneli zake zilizama na umeme wake haukuweza kutumika.

Tukio la pili lilihusu joto lenyewe. Tarehe 7 Juni, moto uliwaka katika paneli ya volti 480 ya kituo cha Fort Calhoun, jimbo la Nebraska, Marekani. Chanzo kilikuwa ukinzani mkubwa mahali ambapo breka mpya ziligusana na baa za zamani. Grisi iliyokauka na mgusano mbaya vilichangia. Upozaji wa bwawa la fueli iliyotumika ulisimama kwa takriban saa moja na nusu. Tanuri lilikuwa limezimwa kwa matengenezo, na fueli haikudhurika.

Vyumba vya jenereta katika vituo hivi huwa na feni zinazolishwa na jenereta zenyewe, kwa kuwa injini ikishawaka chumba hupata joto haraka. Nchini Marekani, taratibu za kawaida hutaka jenereta ijaribiwe kila mwezi kwa angalau saa moja ikiwa na mzigo unaokaribia uwezo wake, pamoja na jaribio la saa 24 kila baada ya miezi 18 au 24.

Barani Afrika, kituo cha Koeberg nchini Afrika Kusini kimezalisha umeme tangu mwaka 1984. Misri inajenga kituo cha El Dabaa, nazo Kenya na Uganda zimetangaza mipango ya kujenga vya kwao.

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita

Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000 na kwa miaka mingi ulijizalishia umeme kwa jenereta. Laini ya kilovolti 220 kati ya Bulyanhulu na Geita imeimarisha umeme wa gridi katika ukanda huo, lakini haijaondoa haja ya jenereta. Tarehe 1 Aprili 2024, kwa mfano, hitilafu katika Gridi ya Taifa ilikata umeme katika sehemu kubwa ya nchi.

Wachimbaji wadogo pia hutumia jenereta za dizeli kuendesha pampu, kompresa, winchi za maduara na makarasha. Umeme ukikatika katika duara refu, maji hupanda na hewa huanza kuwa nzito. Hapo usalama wa waliomo chini hutegemea jinsi wanavyotolewa haraka.

Mazingira ya ukanda huu huongeza joto la paneli kwa njia tatu. Ya kwanza ni vumbi jekundu la kiangazi, ambalo huziba filta na kufunika vifaa kama blanketi. Ya pili ni jua juu ya vibanda vya mabati. Viwango vya kimataifa vya IEC 61439 vya paneli za volteji ndogo hukadiria hewa ya nje isiyozidi nyuzi 40, na wastani wa nyuzi 35 kwa saa 24. Kibanda kilichofungwa kinaweza kupita hapo saa za mchana. Ya tatu ni mwinuko. Sehemu kubwa ya eneo hili iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko hewa ya pwani.

Tofauti hiyo huonekana katika hesabu ya feni. Mita za ujazo za hewa zinazohitajika kwa saa hupatikana kwa kugawa wati za joto kwa nyuzi zinazoruhusiwa kuongezeka, kisha kuzidisha kwa namba inayotegemea mwinuko: karibu 3 pwani na karibu 3.5 kwenye mita 1,200. Paneli inayotoa wati 600, ikiruhusiwa kupanda nyuzi 10 juu ya hewa ya nje, huhitaji mita za ujazo 180 kwa saa Tanga, lakini 210 Kahama.

Mbinu za kuzuia

Maungio. Nyuso husafishwa, kisha bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Kukaza kupita kiasi nako huharibu bolti na kubonyeza waya. Alama ya rangi inayovuka nati na baa husaidia kuona iliyozunguka.

Hewa. Hewa baridi huingizwa chini na hewa moto hutolewa juu. Filta husafishwa mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi. Wavu mwembamba huzuia panya, mijusi na nyigu wanaojenga viota vya udongo kwenye matundu. Kuacha mlango wa paneli wazi si suluhisho, kwa kuwa huingiza vumbi na kuwaweka watu karibu na umeme.

Mahali. Paneli huwekwa kivulini, mbali na hewa moto ya rejeta na bomba la moshi. Kibanda huwa na tundu la kuingizia hewa na njia ya kuitoa nje kabisa, ili isirudi ndani.

Mzigo. Mota kubwa huwashwa moja baada ya nyingine, na fezi tatu hugawiwa mzigo unaokaribiana. Kifaa kipya kinapoongezwa, uwezo wa kebo na breka huhesabiwa upya. Kuweka breka kubwa zaidi kwa sababu ya zamani inajizima huondoa kinga na kuacha waya uungue.

Unyevu. Paneli isiyotumika hupata umande usiku, na umande huleta kutu. Hita ndogo ndani yake huizuia, kisha hujizima jenereta inapowaka.

Ukaguzi

Kuwasha jenereta kila wiki bila mzigo huthibitisha tu kwamba injini inawaka. Maungio hayapimwi, kwa kuwa hakuna mkondo wa maana unaopita. Tena, dizeli inayozungushwa muda mrefu na mzigo mdogo hukusanya mafuta yasiyoungua na masizi. Jaribio lenye maana hufanywa kwa mzigo halisi, au kwa kifaa cha mzigo bandia, hadi joto la paneli litulie.

Wakati huo kamera ya joto hutumika kulinganisha fezi tatu. Vifaa vinavyofanana, vyenye mzigo sawa, vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 15, marekebisho hufanywa mara moja. Shaba inayong'aa huonyesha joto dogo kuliko lililopo, hivyo mafundi hupima kwenye kihami au mahali palipopakwa rangi nyeusi.

Pasipo kamera, dalili za hatari ni harufu ya plastiki inayoungua, kihami kilichobadilika rangi, mlio wa kukwaruza na breka inayojizima bila sababu ya wazi. Paneli yenye dalili hizo hupunguziwa mzigo, kisha huzimwa, hufungwa kwa kufuli na kuthibitishwa kuwa haina umeme kabla ya kuguswa. Migodini, watu walio chini hutolewa kwanza, ndipo paneli inayolisha feni na pampu zao izimwe.

Usimamizi

Nchini Tanzania, leseni za mafundi wa kufunga mifumo ya umeme hutolewa na EWURA. Usalama mahali pa kazi husimamiwa na OSHA, na shughuli za madini na Tume ya Madini. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania husimamia matumizi ya mionzi na teknolojia ya nyuklia.