Kazi Iliyohama

Nilipoingia kazi ya mifumo ya kutunza kumbukumbu za wateja Dar es Salaam, mwaka 2008, kila ofisi yenye seva ilikuwa na kaunta buku yake. Humo ziliandikwa hatua za kupandisha toleo jipya: funga mfumo, nakili hifadhidata, nakili mafaili mliyobadilisha, pandisha mapya, futa kache, rudisha ruhusa za mafolda. Mwandiko ulibadilika kila alipoajiriwa fundi mwingine, na pembeni yalijaa maonyo ya kalamu nyekundu. Vitabu kuhusu kampuni kubwa za California haviugusi sana upande huu wa historia, nami naona ndio wenye ukweli zaidi.

Mfumo wenyewe mara nyingi ulikuwa SugarCRM. Kampuni yake ilianzishwa huko California mwaka 2004, ikatoa toleo la bure ambalo yeyote aliweza kulipakua na kulichezea. Mfumo wa Siebel, uliokuwa mfalme wa biashara hii tangu miaka ya tisini, ulikuwa wa mabenki na makampuni makubwa ya simu. Sisi wengine hata bei yake hatukuthubutu kuiuliza. Kwa hiyo tulichukua cha bure tukakishona upya. Kampuni ya bima ikitaka uwanja, yaani sehemu ya kuandika tarehe ya kuisha kwa bima ya gari, unaingia ukurasa wa msimamizi, unaongeza, kazi imekwisha.

Ila haikuwa imekwisha. Ule uwanja mmoja uliandika faili la PHP ndani ya folda iitwayo custom, ukaongeza na safu kwenye hifadhidata, kwenye kompyuta ile ile moja. Kuuhamisha kutoka kompyuta ya majaribio hadi seva ya kazi ilikuwa shughuli ya mikono. Ukishanakili mafaili, unabonyeza kitufe cha ukarabati, na mfumo unalinganisha mafaili na hifadhidata. Chini ya ukurasa zinatokea amri za SQL, mstari kwa mstari, zikisubiri mtu azisome na kuziruhusu zitekelezwe. Hapo ndipo jasho lilipotutoka. Aliyejua kuzisoma alikuwa mmoja au wawili ofisini, nao hawakuruhusiwa kuugua.

"Dada, Ijumaa usiguse kitu," aliniambia fundi aliyenitangulia, kabla hata hajanionyesha kiti changu. Ijumaa jioni mtu wa hifadhidata yuko njiani kwenda kwao, simu haipatikani. Tulipandisha Jumamosi usiku, tena kwa kwenda wenyewe mpaka Mtaa wa Samora na flashi mfukoni, kwa sababu intaneti ya satelaiti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipowashwa, Dar na Mombasa zikaunganishwa na dunia kwa njia ya bahari. Flashi zilianza kupungua. Kaunta buku ilibaki.

Tangu kabla ya hapo, Marekani kulikuwa na watu waliokuwa wakitangaza kuwa kazi yetu imekufa. Marc Benioff, aliyewahi kuwa mkubwa katika kampuni ya Oracle, alianzisha kampuni ya Salesforce na wenzake watatu mwaka 1999 katika nyumba ya kupanga huko San Francisco. Nembo yao ilikuwa neno "programu" kwa Kiingereza, limezungushiwa duara na kupigwa mstari wa kukataza. Mwaka 2000 walikodi waigizaji waandamane na mabango nje ya mkutano wa wateja wa Siebel. Hoja yao ilieleweka mara moja: usinunue seva, usisakinishe chochote, fungua kivinjari ufanye kazi. Oracle ilikubali kuinunua Siebel mwaka 2005 kwa takriban dola bilioni 5.8, na wengi wakasema ndio mwisho wa zama za kusakinisha.

Mimi sikubaliani nao. Usakinishaji wa programu uliondoka kweli, lakini mteja hakuacha kuishona upya. Alipopewa viwanja, kanuni, ruhusa, na baadaye lugha ya Apex ya kuandikia msimbo wake mwenyewe, alijenga programu nyingine juu ya ile iliyosemekana haipo. Nayo ilihitaji kuhamishwa kutoka sendiboksi, yaani mazingira ya majaribio, kwenda kwenye kazi. Salesforce waliligundua hilo mapema: walikataa msimbo wa Apex uingie kazini kama majaribio yake hayapiti angalau asilimia 75 ya mistari. Lakini kwa kila kitu kingine, fundi wa wingu aliketi mbele ya kivinjari akitia tiki kipengele kimoja kimoja kwenye orodha ya mabadiliko. Orodha hiyo iliweza kuongeza na kurekebisha, kufuta haikuweza. Cha kufutwa alikwenda kukifuta kwa mkono, akakiandika mahali asisahau. Kaunta buku tena, safari hii kwenye Excel.

Dawa ilitoka kwa watu wasiohusika kabisa na mifumo ya wateja. Kohsuke Kawaguchi, mhandisi wa kampuni ya Sun, alichoka kuharibu kazi ya wenzake kwa msimbo usiojengeka, akaandika Hudson, mashine ya kuujaribu msimbo kabla haujawafikia. Linus Torvalds alitoa Git, chombo cha kutunza kila toleo la msimbo, mwaka 2005. Oracle ilipoimeza Sun pia, mradi wa Hudson uligombaniwa, na mwaka 2011 wengi wakahama nao kwa jina la Jenkins. Kwa hiyo kampuni ile ile iliyomlea Benioff ikainunua Siebel, ikakifukuza na chombo ambacho wateja wa Benioff wangekihitaji sana.

Salesforce wenyewe walisubiri hadi Oktoba 2017 ndipo walipotoa rasmi zana za kuufanya msimbo ulio ndani ya Git uwe ndio asili, na mazingira ya majaribio yanayojengwa kwa amri moja na kufa yenyewe baada ya siku zisizozidi 30. Miaka kumi na minane tangu kampuni ianzishwe. Sisi wa mifumo ya bure tulikuwa tumeshafika hapo kwa njia za panya: folda ya custom ndani ya Git, Jenkins kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza, na skripti iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye kaunta buku.

Kosa nalo lilikua. Zamani ukikosea, unaumia na mteja wako mmoja. Tarehe 17 Mei 2019 skripti ya hifadhidata ya Salesforce yenyewe iliwapa watumiaji wa wateja wengi ruhusa ya kuona na kubadili wasivyopaswa. Kampuni ikawafungia mlango ili kuzuia madhara, na wasimamizi wakaambiwa kwamba wenye nakala ya ruhusa zao kwenye sendiboksi wanaweza kuzipandisha upya kutoka huko. Mei 2021 mfumo ukazimika tena kwa saa kadhaa, baada ya mhandisi kutumia njia ya dharura kupeleka badiliko la DNS, mfumo wa majina ya mtandaoni, kila mahali kwa mpigo badala ya hatua kwa hatua. Utaratibu ulikuwapo; ulirukwa.

Ndiyo maana paiplaini za kupandisha matoleo ninazojenga sasa kwa ajili ya benki hukimbia zenyewe hadi hatua ya mwisho, kisha husimama. Majaribio yamepita, nakala ya hifadhidata imechukuliwa, amri za SQL zimeorodheshwa kwenye ukurasa. Anayebonyeza kuruhusu si fundi tena. Ni ofisa wa idara ya hatari, ambaye kabla hajabonyeza hupiga simu kuuliza mstari wa nne unafanya nini. Na Ijumaa mchana kitufe chenyewe tumekizima kwa skripti.