Chura mmoja wa Itombwe, majina ya wageni watatu

Leo tuongee kidogo juu ya majina.

Kuna mnyama anaitwa nyuti. Ukimwona utasema ni mjusi wa majini, kumbe ni wa jamaa ya vyura. Afrika anapatikana kaskazini tu: Moroko, Algeria na Tunisia. Kwetu hayuko. Lakini jina la mtu aliyempenda sana lilifika mpaka milima ya Itombwe, magharibi ya Uvira. Namna gani?

Mtu huyo ni Willy Wolterstorff wa Magdeburg, Ujerumani, aliyechunguza nyuti maisha yake yote. Mwaka 1939 mwenzake Robert Mertens akaita jenasi moja ya vyura wa Afrika Wolterstorffina, kwa kumheshimu. Mwaka 1950 Mbeleji Raymond Laurent akaandika habari za chura mdogo wa Itombwe, akamweka humo: Wolterstorffina parkeri. Huyo Parker alikuwa mtaalamu wa makumbusho ya London. Mwaka 1960 Mmarekani Tihen akaona kwamba chura wetu hafai kukaa pamoja na wale wa Cameroon na Nigeria. Akamtolea jenasi yake: Laurentophryne, yaani chura wa Laurent.

Kanuni ndiyo hiyo. Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus cha 1758, na kila aina ina majina mawili. La jenasi linaweza kubadilika utafiti ukiendelea. La pili linabaki. Ndiyo maana Wolterstorff alitoka, parkeri akabaki.

Sasa hesabu: chura mmoja wa kwetu, wageni watatu. Hakuna aliyevunja sheria. Anayemweleza mnyama wa kwanza, kwa maandishi yaliyochapishwa, ndiye anayetoa jina. Wazee wetu waliwajua wanyama hawa zamani, lakini hawakuchapisha.

Mambo yameanza kugeuka. Mwaka 2006 jenasi moja ya vinyonga ilipewa jina Kinyongia, neno letu la Kiswahili kabisa. Mwaka 2011 mjusi wa Itombwe akaitwa Congolacerta asukului, kwa heshima ya Mkongomani mwenzetu, Asukulu M'Mema.

Vizuri. Lakini kupewa heshima ni kitu kimoja, kushika kalamu ni kingine. Wewe uliyesoma biolojia, uliza wazee wa kijijini wanaitaje kila chura, andika, piga picha, pima. Milima iko karibu. Jina linalofuata litatoka kwa nani?