Nembo Ilikufa, Kivuli Kikabaki

Juzi jamaa yangu mmoja, fundi wa michoro ya kompyuta, alipata kazi ya kuchora nembo ya kampuni changa ya sinema za kutisha hapa Nairobi. Maagizo yalikuwa mafupi: weka fuvu, weka damu inayotiririka, watu waogope. Malipo? Hayo wangeongea baadaye, sinema ikishatoka. Mkataba hakuna, ni kuaminiana tu. Akaniuliza, "Wewe unayependa mambo ya zamani, hii unaionaje?"

Nikamwambia aketi nimpe stori ya Prana-Film.

Turudi Berlin, 1921. Ujerumani imetoka kushindwa vitani na pesa yake inazidi kupoteza thamani. Enrico Dieckmann na mchoraji Albin Grau wanaanzisha kampuni ya sinema. Huyu Grau alikuwa mtu wa mambo ya siri: uchawi, nyota, alama za kale. Jina la kampuni ni neno la Kisanskriti lenye maana ya pumzi ya uhai. Na nembo? Hakuna fuvu, hakuna popo. Walitumia lile duara la Kichina la yin na yang, nusu jeusi, nusu jeupe, kila nusu ikibeba tone la mwenzake.

Hebu fikiria. Kampuni inataka kukutisha, halafu inakuonyesha usawa! Lakini mimi naona hapo ndipo hofu inapokaa. Giza tupu tumelizoea, hata stima zikipotea tunawasha simu na maisha yanaendelea. Kinachotisha ni lile tone moja jeusi katikati ya weupe, yaani kitu kisichofaa kuwepo ndani ya nyumba uliyodhani ni salama.

Sinema yao ya kwanza, Nosferatu, iliongozwa na F. W. Murnau na ikaonyeshwa rasmi Berlin tarehe 4 Machi 1922. Grau ndiye aliyebuni mandhari, mavazi na mabango. Mnyonya damu wake, Orlok, hakuwa mtanashati. Alikuwa na upara, masikio yaliyochongoka, meno mawili ya mbele kama ya panya na kucha ndefu. Na kuna ile picha ambayo hata usipoijua jina umeshaiona mahali: kivuli chake kikipanda ngazi, vidole vimetanuka, mwenyewe haonekani.

Sasa shida. Hadithi ilikuwa ya Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897. Stoker alikuwa amefariki 1912, na haki zilikuwa mikononi mwa mjane wake, Florence. Prana hawakumlipa chochote wala kumwomba ruhusa. Walibadilisha majina, Dracula akawa Orlok, London ikawa mji wa Kijerumani, kisha mwanzoni mwa sinema wakaandika wazi kwamba imetokana na kitabu cha Stoker. Ni kama kuiba kuku halafu unaacha manyoya mlangoni kwako.

Florence akaenda mahakamani. Prana nao walikuwa wameshafilisika, hata pesa ya kumlipa haikuwepo. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Bahati ni kwamba nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka, na ndizo zilizotufikia. Kampuni iliyojiita pumzi ya uhai ilikata roho ikiwa imemaliza sinema moja tu.

Leo ni nani anayeona yin na yang akakumbuka sinema ya kutisha? Lakini Orlok yupo kila mahali. Amerudiwa 1979, akarudiwa tena 2024, na kama ulikua ukitazama SpongeBob, unamkumbuka yule jamaa anayechezea swichi ya taa. Ni yeye.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nembo haimtishi mtu yeyote hadi kazi iliyo nyuma yake imtishe kwanza. Pia haikulindi. Ya Prana ilikuwa nzuri, lakini iliyowaangusha ni karatasi moja ambayo hawakuitafuta, ile yenye sahihi ya Florence Stoker.

Jamaa yangu hakuchora fuvu. Alichora jengo la ghorofa kama haya yetu ya Eastlands, usiku, madirisha yote yanawaka isipokuwa moja. Nikalitazama nikasikia baridi mgongoni. Akalituma pamoja na ukurasa mmoja wa makubaliano: nusu ya malipo kabla ya kazi kumalizika, jina lake kwenye orodha ya waliohusika, na swali moja kwao, "Hadithi mnayotaka kutengeneza ni ya nani?"

Tiki mbili za buluu zimetokea tangu Jumatatu. Jibu bado.