Ndevu za Rubani: Baina ya Dharura ya Kweli na Dharura ya Madai

 

Kijana mmoja anayesomea urubani alitujia baada ya swala ya Ijumaa akatuuliza: "Sheikh, nimeambiwa kwamba nikiajiriwa itanilazimu kunyoa ndevu, kwa sababu barakoa ya oksijeni haishiki vizuri juu ya nywele. Je, ninyoe, au niache kazi?" Wazee wawili waliokuwa karibu walimjibu kabla yetu. Wa kwanza alisema: "Nyoa mwanangu, hiyo ni dharura." Wa pili akasema: "Iache kazi hiyo, riziki iko kwa Allah." Sisi tulimwomba muda, kwani wote wawili walitoa hukumu bila ya kuuliza kama dai lenyewe ni la kweli. Makala hii ndiyo jibu letu kwake, na kwa kila imamu atakayeletewa mas-ala kama haya.

Kauli za maulamaa

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) aliamrisha kupunguza masharubu na kuziacha ndevu, ili Waislamu wahitilafiane na washirikina. Kutokana na amri hiyo, mafuqahaa wa Hanafi, Maliki na Hanbali wameona kuwa kunyoa ndevu zote ni haramu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa mwambao huu, kauli inayotegemewa na wanavyuoni wa baadaye ni karaha, ingawa Ibn Rif'a alibainisha kuwa Imam Shafi mwenyewe katika kitabu cha al-Umm aliashiria uharamu. Ama kuhusu urefu, Bukhari amepokea kwamba Ibn Umar alipohiji au kufanya umra alizishika ndevu zake kwa kiganja, na zilizozidi akazikata.

Ni wazi basi kwamba jambo hili lina uzito katika dini. Hata hivyo sheria yetu haikumfungia njia mwenye udhuru. Mtume (s.a.w) aliwaruhusu Abdulrahman bin Auf na Zubayr bin Awwam (r.a) kuvaa hariri, nayo ni haramu kwa wanaume, kwa sababu walikuwa wakiwashwa mwili. Kutokana na mifano kama hii mafuqahaa wakaweka kanuni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Watu wengi wanaihifadhi kanuni ya kwanza na kuisahau ya pili. Tena kabla ya zote mbili lipo sharti, nalo ni kuwa dharura ithibiti. Wale Maswahaba wawili walikuwa na ugonjwa unaojulikana, si ugonjwa wa kudhaniwa.

Historia ya amri za kunyoa

Si kila aliyeamrisha ndevu zinyolewe alikuwa na hoja ya usalama. Mwezi wa Novemba 1805 wakuu wa jeshi la Waingereza huko Madras, India, waliwaamuru askari wa Kiislamu kunyoa ndevu na kupunguza masharubu, na wakawakataza Wahindu kuvaa alama za dini yao, ili wote wafanane katika sare. Alfajiri ya tarehe 10 Julai 1806 askari wa ngome ya Vellore waliasi. Waingereza zaidi ya mia moja waliuawa, na uasi ulipozimwa siku hiyo hiyo mamia ya askari wa Kihindi nao waliuawa. Baada ya hapo amri ile ilifutwa, na gavana William Bentinck pamoja na mkuu wa jeshi John Cradock wakarudishwa kwao. Damu yote ile ilimwagika kwa ajili ya sare tu.

Hoja ya usalama ilikuja baadaye. Mwezi wa Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Wajerumani walifungulia gesi ya sumu juu ya maadui zao. Tangu hapo askari wakahitaji barakoa inayobana uso, na ndevu zikaonekana kuwa zinazuia kubana huko. Hoja hii si kama ile ya Madras, kwani inahusu uhai, na kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria.

Hoja hiyo ndiyo iliyopanda ndegeni. Ndege inaporuka futi 35,000 hewa ya nje ni hafifu mno. Hewa ya ndani ikitoka ghafla, rubani hubaki na akili yake timamu kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja tu, na ndiyo maana barakoa yake hutengenezwa aweze kuivaa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5. Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ya Helios ilianguka Ugiriki na watu wote 121 wakafa, baada ya marubani kupoteza fahamu kwa kukosa hewa. Ndevu hazikuhusika kabisa katika ajali ile, lakini inatuonyesha kwamba anayezungumzia barakoa ya rubani anazungumzia roho za watu. Kwa hiyo hatumlaumu anayeuliza kuhusu ndevu. Tunamtaka athibitishe.

Dai lapimwa

Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa waraka kuhusu ndevu na barakoa za oksijeni. Waraka ule ulikuwa wa ushauri, haukuwa sheria. Ulieleza kwamba ndevu hupunguza ufanisi wa barakoa, na kwamba upungufu huo hutegemea wingi wa ndevu, aina ya barakoa na namna inavyofungwa. Tazama, ndugu msomaji, jinsi maneno hayo yalivyojaa vipimo na masharti. Lakini kampuni nyingi zilikataza ndevu zote, fupi na ndefu, kwa kila barakoa. Yaliyokuwa makadirio yakageuzwa kuwa katazo la jumla, na likarithiwa na kizazi baada ya kizazi cha marubani.

Kisha kampuni ya Air Canada ikaomba jambo hili lipimwe upya katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Watu wenye ndevu za viwango mbalimbali waliingizwa katika chumba kinachopunguza shinikizo la hewa mfano wa angani, wakavaa barakoa za kisasa za marubani, na oksijeni katika damu zao ikapimwa. Haikuonekana kwamba ndevu ziliwapunguzia oksijeni. Mwezi wa Septemba 2018 kampuni hiyo ikawaruhusu marubani wake kufuga ndevu, kwa sharti zisizidi sentimita 1.25. Kikomo hicho nacho tukitazame kwa jicho la kanuni zetu. Ikiwa vipimo havikuonyesha madhara, basi kikomo ni adabu ya sare. Mwajiri anaweza kuwa na haki ya kupanga sare, lakini hilo haliitwi dharura.

Mafunzo mawili kutoka mahakamani

La kwanza latoka Newark, Marekani. Idara ya polisi ya mji huo ilikataza ndevu, ila kwa askari mwenye maradhi ya ngozi yanayozidi kwa kunyoa. Askari wawili Waislamu wakaomba ruhusa kwa sababu ya dini, wakanyimwa. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Samuel Alito, iliwapa haki: idara inayompa ruhusa mgonjwa haiwezi kumnyima mwenye dini bila ya sababu nzito. Mafuqahaa wetu wanaifahamu hoja hii vizuri. Katazo linaloondolewa kwa ajili ya mmoja bila madhara kutokea, illa yake haikuwa madhara.

La pili latoka India, nalo linatuuma zaidi. Askari mmoja Mwislamu wa jeshi la anga aliachishwa kazi mwaka 2008 kwa kufuga ndevu. Kanuni za jeshi hilo zilimruhusu yule ambaye dini yake inakataza kukata nywele au kunyoa uso. Tarehe 15 Desemba 2016 Mahakama ya Juu ilimhukumia ameshindwa. Wakili wake alipoulizwa kama Uislamu unakataza kunyoa, alijibu kwamba zipo tafsiri mbalimbali, na mojawapo ni kuwa inapendeza kufuga. Mahakama ikasema haikuletewa kitu cha kuthibitisha katazo. Na Waislamu wengi wa India ni Hanafi, watu ambao vitabu vyao vina kauli ya wazi juu ya mas-ala haya! Elimu ilikuwepo, lakini haikufika mahali ilipohitajika.

Jibu letu kwa kijana

Mwanetu, usinyoe kwa neno la kuambiwa tu, wala usiache kazi kwa hasira. Omba kuonyeshwa kanuni iliyoandikwa na sababu yake. Uliza ni barakoa gani na imepimwa vipi. Ikithibiti kwa watu wa fani kwamba kwa barakoa hiyo ndevu zako zinahatarisha abiria, basi punguza kwa kiasi kinachoondoa hatari, na ikibidi nyoa. Hutapata dhambi inshaallah, kwani roho za watu ni amana shingoni mwako. Ikiwa ni sare tu, omba ruhusa kwa adabu na kwa maandishi, ukieleza hukumu ya madhehebu yako kama ilivyo, bila kuzidisha wala kupunguza.

Nasi maimamu tujihadhari. Kumwambia mtu "ni dharura" ni kutoa fatwa, na fatwa bila kujua hali halisi ni kuitegemeza sheria ya Allah juu ya dhana. Tuwaulize marubani na mainjinia kama tunavyowauliza matabibu kuhusu saumu ya mgonjwa.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.