Desturi za Abiria wa Reli Katika Nchi ya Machakos

Abiria wa daraja la kwanza aliyeshuka melini Kilindini enzi za ukoloni na kupanda treni ya Nairobi alihamisha mizigo yake tu. Hadhi yake ilibaki ile ile. Melini alikuwa na chumba chake, kitanda kilichotandikwa na mtumishi na zamu yake ya kula. Behewani alivikuta vyote hivyo, ila kwa nafasi finyu zaidi. Msafiri aliyevuka bahari kutoka Bombay akilala sitahani juu ya mkeka wake, katika meli za kampuni ya British India, naye alikuta benchi la mbao la daraja la tatu likimngoja. Mpango wa madaraja, kengele za chakula, watumishi wa vitanda na kanuni za nani aketi wapi vilipanda bara kwa pamoja. Treni ya usiku ilipoondoka pwani jioni, sehemu ya njia ambayo abiria waliiona asubuhi kwa macho yao ilikuwa nchi ya Machakos. Wilaya hiyo, kabla Makueni haijatengwa nayo mwaka 1992, ilijumuisha Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud na Kima, pamoja na mbuga za Kapiti na Athi.

Mji wa Machakos wenyewe haukupata reli. Ulikuwa kituo cha kampuni ya Imperial British East Africa tangu 1889, na baadaye makao ya utawala wa jimbo la Ukamba chini ya John Ainsworth. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, lakini wahandisi wakafuata mbuga tambarare na kuviacha vilima vya Machakos upande wa kaskazini. Mji ukapewa tu jina la kituo, Machakos Road, maili 276 kutoka Mombasa, yaani kilomita 444 hivi. Aliyeshuka hapo alikuwa bado na mwendo wa kufika mjini. Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na mwaka huo huo Ainsworth akahamishia makao yake huko. Wakamba wa vilima vya Iveti husimulia kwamba ujio wa reli ulitabiriwa mapema na Syokimau, mwanamke mwaguzi aliyeona nyoka mrefu akipita nchini mwao kutoka maji hadi maji. Jina lake leo limo katika kituo cha treni cha Syokimau, ndani ya Kaunti ya Machakos, kilichofunguliwa mwaka 2012.

Miaka ya mwanzo safari haikuwa na anasa. Mabehewa hayakuwa na jiko wala meza ya chakula, na matandiko abiria alikuja nayo mwenyewe. Treni ilisimama kwenye nyumba za wageni zilizojengwa kando ya njia kwa mfano wa zile za India, na kila mtu akashuka kula. Voi ilijulikana kwa chakula cha jioni na Makindu kwa chai ya asubuhi. Mashati yalikuwa yamegeuka rangi kwa vumbi jekundu la nyika ya Taru, na baridi ya Ukambani iliwashtua waliotoka joto la Mombasa jana yake tu wakiwa hawana blanketi. Aliyezoea njia alifungasha blanketi zito hata kama alikuwa akiondoka pwani kwenye jua kali.

Kulala behewani kulikuwa na hatari nyingine, na hapa Kima ina kisa chake. Usiku wa tarehe 6 Juni 1900, ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliegesha behewa lake la ukaguzi kwenye njia ya pembeni ya kituo hicho. Alikuwa pamoja na Mjerumani aitwaye Huebner na Mwitaliano aitwaye Parenti, na shabaha yao ilikuwa kumuua simba aliyekuwa akiwala watu hapo. Ryall alishika zamu ya kwanza dirishani, akasinzia. Behewa halikukaa sawasawa juu ya reli. Lilikuwa limeinama upande mmoja. Simba alipoingia kwa mlango wa kuteleza, uzito wake ulizidisha mwinamo, na mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake. Watu watatu wakawa wamefungiwa na simba katika chumba kimoja kidogo. Simba alimkamata Ryall na kutoka naye kupitia dirishani. Simba huyo alikuja kunaswa mtegoni baadaye. Behewa hilo, namba 12, lipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, na anayesimama ndani yake huona mara moja jinsi nafasi ilivyokuwa ndogo. Mtu anaweza kulisoma tukio hili mara nyingi asilielewe mpaka aone umbali kati ya mlango ule na kitanda.

Fadhila kubwa kuliko zote njiani haikuuzwa kwa tikiti. Ilikuwa kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini, ambako moshi ulibaki nyuma na mbuga yote ikawa wazi mbele ya macho. Winston Churchill alikikalia mwaka 1907, alipokuwa naibu waziri katika wizara ya makoloni ya Uingereza. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye muda wake wa urais wa Marekani ulikuwa umemalizika wiki chache tu nyuma, alifika Mombasa kwa meli ya Kijerumani Admiral na kupanda treni maalumu. Naye alipewa kiti hicho, akashuka kituo cha Kapiti Plains, alikokuta hema zake na wapagazi wakimsubiri. Kusini mwa reli palikuwa hifadhi ya wanyama ambamo uwindaji ulikatazwa, kwa hiyo punda milia na nyumbu walizoea ngurumo za treni na kulisha karibu nayo. Kwa abiria wa kawaida, kuwatazama kupitia dirishani asubuhi ya Kapiti ilikuwa sehemu ya thamani ya nauli, kama pomboo kwa wasafiri wa melini.

Gari la chakula lilipoanza kufungwa kwenye treni, desturi za melini zilikamilika. Vyumba vya daraja la kwanza vilikuwa vya watu wawili, vya daraja la pili watu wanne, na kila kimoja kilikuwa na beseni dogo la kunawia. Katika daraja la pili wanaume na wanawake wasiofahamiana hawakuwekwa chumba kimoja. Familia iliyotaka kukaa pamoja ilikata tikiti za vitanda vyote vinne. Baada ya kuondoka stesheni, mhudumu mwenye koti jeupe alipita ukumbini akigonga kengele ya vipande vya chuma, sauti ikishuka na kupanda, kuita zamu ya kwanza ya chakula cha jioni. Zamu ya pili ilifuata baadaye. Wazoefu waligombea zamu ya pili kwa sababu aliyekuwa zamu ya kwanza alilazimika kuinuka meza ikitakiwa, wa pili akaachwa anywe kahawa yake taratibu. Supu, samaki, nyama na kitamutamu vililetwa kwa mpangilio huo huo kila usiku, katika sahani zenye alama ya reli, na mhudumu alijifunza kumimina supu gari likiyumba bila kumwagia mtu.

Huku abiria akila, mtandika vitanda alifanya kazi yake. Aliyekuwa ameshalipia matandiko alimkabidhi karatasi yake, na aliporudi alikuta shuka, mto na blanketi vimewekwa, kitanda cha juu kimeteremshwa. Adabu za chumbani zilieleweka bila kuandikwa. Aliyelala juu aliwapa wa chini nafasi wavue nguo kwanza. Aliyeamka mapema alitoka kwenda kusimama ukumbini ili wengine wavae. Na hakuna aliyewasha taa usiku bila kuomba radhi. Mlango ulifungwa kwa komeo kabla ya kulala, na kwenye vituo vyenye sifa ya wizi dirisha nalo lilifungwa. Alfajiri mhudumu alibisha na chai. Kufikia wakati huo treni ilikuwa imeshapanda kutoka Sultan Hamud kuelekea Ulu na Konza, inapochepuka reli ya kwenda Ziwa Magadi.

Haya yote yaliwahusu wachache. Kimsingi daraja lilitokana na nauli, lakini kwa muda mrefu wa ukoloni rangi ndiyo iliyoamua: la kwanza la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Vyumba vya kungojea na vyoo vya stesheni vilitengwa vivyo hivyo. Mwanamume wa Kikamba aliyekwenda kazini Mombasa alisafiri na kipande chake cha utambulisho shingoni tangu sheria ya kipande ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kijana aliyeandikishwa King's African Rifles, jeshi lililochukua Wakamba wengi mno, alisafiri kwa hati ya serikali katika benchi lile lile. Hakukuwa na kengele ya chakula. Jikoni la daraja la tatu lilikuwa dirisha: treni iliposimama, akina mama na watoto walikimbia kando ya mabehewa na mayai ya kuchemsha, mahindi, maembe na ndizi, bei ikapatanwa treni ikianza kusogea. Sheria za benchi zilitungwa na wenye benchi. Mwenye mtoto alipishwa upande wa dirisha, mzee aliitwa akae, chakula kilichofunguliwa kilimkaribisha jirani, na aliyeshuka kunyoosha miguu aliacha kofia au kitambaa mahali pake, navyo viliheshimiwa. Kumbukumbu za reli zilizoandikwa na wasafiri wa daraja la kwanza hazina habari nyingi za benchi hili, na huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa watu wengi zaidi walisafiri humo.

Makindu palikuwa mahali pamoja njiani ambapo tofauti hizi zilikoma. Mji huo ulikuwa na karakana ya reli, na mafundi wa Kisingasinga waliofanya kazi huko walijenga hekalu mwaka 1926. Kwa desturi ya dini yao, yeyote anayefika hulishwa bure: dengu, chapati, wali, mboga na chai ya maziwa. Vyumba vya kulala wasafiri navyo havina bei. Anayetaka huacha sadaka. Masharti yake ni machache na humhusu kila mtu sawa. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, hunawa mikono, na haingii na tumbaku wala pombe. Chakula hupakuliwa kadiri mtu anavyoweza kumaliza. Meneja wa benki na utingo wa lori hupanga foleni moja na hupewa sahani ya aina moja. Mafundi wa reli wenyewe waliishi ndani ya mfumo wa madaraja, na yaelekea ndiyo maana walijua thamani ya meza isiyo na daraja. Abiria wa treni wamepungua, lakini magari ya barabara kuu ya Mombasa bado huingia hapo mchana na usiku.

Machakos ilifaidika na wasafiri kwa njia nyingine pia. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza uchongaji wa vinyago Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaurudisha kwao na kuwafundisha jamaa zake. Wanunuzi walikuwa walewale waliosafiri kwa meli na treni: wazungu walioishi nchini, askari wa Vita Kuu ya Pili, mabaharia na watalii. Wachongaji wakafuata soko lao hadi pwani. Chama cha ushirika cha Akamba Handicraft kilianzishwa Changamwe, Mombasa, mwaka 1963, mwendo mfupi kutoka gati la Kilindini, na Wamunyu nayo ikapata ushirika wake. Twiga wa mti aliyeingia katika sanduku la abiria wa meli ya kitalii mara nyingi alichongwa na mkono wa Machakos.

Wenyeji wa mji wenyewe, kwa kuwa reli iliwapita kando, waliegemea basi. Kituo kikubwa cha mabasi ya mikoani jijini Nairobi kinaitwa Machakos hadi leo. Amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1973 iliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na kwa miongo mitatu sauti ya manamba ndiyo iliyotawala. Mwezi Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilileta mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano na sare. Katika matatu ya abiria 14, kwa mara ya kwanza, kila mtu alikuwa na kiti chake.

Kwenye reli, baada ya uhuru kila mwenye pesa aliweza kukata tikiti ya daraja alilotaka, na familia nyingi za Ukambani zililala katika vyumba vilivyokuwa haramu kwa baba zao. Lakini baada ya Kenya Railways kuanza kazi mwaka 1978, kufuatia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, treni ya usiku ilichakaa mwaka baada ya mwaka na kuchelewa kukawa kawaida, ingawa mhudumu aliendelea kugonga kengele hadi huduma hiyo ilipokoma mwaka 2017. Tarehe 31 Mei mwaka huo treni ya Madaraka Express ilizinduliwa, ikiwa na kituo Emali na kingine Athi River. Nauli ya kwanza ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700. Safari ya Mombasa imekuwa ya saa tano hivi, kwa hiyo vitanda na zamu za kula vimetoweka. Mhudumu husukuma kigari cha vitafunio kati ya viti. Zimekuja kanuni za mtindo wa uwanja wa ndege: abiria hupanga mizigo chini ili mbwa wa polisi wainuse, huipitisha kwenye mashine, na jina lililo kwenye tikiti hulinganishwa na kitambulisho chake kabla ya kuruhusiwa kupanda.